Kole gani kwa albamu yetu?

Somo letu la leo ni la kole. Wengine watacheka: kole nayo ni somo? Mtu anaenda butike, anauliza kole, anapewa, anabandika, imekwisha. Sisi wa kundi la albamu tulikuwa tunawaza namna hiyohiyo, na ndiyo sababu tunawaandikia.

Mnajua ile albamu kubwa ya wafinalisti wa mwaka 2018, yenye jalada la kitambaa cha buluu. Tuliitengeneza hapa, walimu pamoja na wanafunzi, na tulitaka picha zishike kabisa kabisa. Tulipakaa kole nyeupe ya maseremala mgongo wote wa kila picha, kisha pembeni tukapitisha skochi. Tulifurahi sana. Hakuna picha hata moja iliyotikisika.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita ilipofika Masisi-Centre, na mwezi wa tatu ilipofika Walikale-Centre, watu walikimbia na kile tu walichoweza kubeba. Albamu ilibebwa ndani ya mfuko wa mchele, chini ya mvua. Ilirudi, imevimba lakini nzima. Kisha siku moja akaja mama mmoja kutoka upande wa Walikale. Mtoto wake alikuwa mfinalisti wa 2018, na alikuwa amekwisha kufariki. Nyumba yao iliungua na picha zote ndani. Alisimama mlangoni akasema: “Nilisikia mtoto yangu iko mu kitabu yenu.” Tukamwambia: “Karibu, mama. Ikaa.” Tukafungua ukurasa. Aliangalia kwa muda mrefu. “Ni yeye. Munipatie, ni hii tu itabaki.”

Nani angekataa? Tulitia wembe chini ya picha polepole. Haikutoka. Tukatia maji. Kole ya seremala ikikauka haiyeyuki tena kwa maji; picha ndiyo iliyolowa. Ngozi yake ya juu ilianza kuvimba na kuchanika, na bega la kijana pamoja na kipande cha kidevu vilibaki juu ya karatasi yetu. “Muache, ba papa,” mama akasema, “hiyo inatosha.” Akachukua kilichotoka, akakifunga ndani ya kitambaa. Tulikuwa na simu tatu ndani ya ofisi ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuupiga picha ukurasa mbele ya kushika wembe.

Tangu siku ile tunaiuliza kole swali jingine. Zamani tuliuliza: inashika? Sasa tunauliza: siku tukiiomba, itaachilia? Na tunaongeza maswali mawili: baada ya miaka kumi itaifanyia karatasi nini, na nani ataila? Ndiyo, kuila. Tutafika hapo.

Tuanze na zile za butike. Supagluu, ile ya kachupa kadogo, inaitwa na wanakemia siyanoakrileti. Mwamerika Harry Coover aliikuta mwaka 1942 alipokuwa anatafuta plastiki safi ya kulengea bunduki. Aliiacha kwa sababu ilinata kila mahali. Mwaka 1951 akairudilia, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa. Inakauka kwa unyevu mdogo tu, ule wa hewa na wa ngozi, ndiyo maana vidole vinashikana. Kwa ndala na kisigino cha kiatu ni nzuri. Ndani ya karatasi inazama, inafanya doa gumu kama kioo, na karatasi inavunjika pale. Tena mkumbuke hili: ikimwagika juu ya pamba au nguo ya pamba, inapata moto ghafla na inaweza kuchoma ngozi. Katika albamu haina kiti.

Skochi ndiyo inayotudanganya kuliko zote, kwa sababu ni safi na ya haraka. Ilitengenezwa na Richard Drew wa kampuni ya 3M, katika mji wa Saint Paul huko Marekani, mwaka 1930. Mwanzoni haionekani kuwa na ubaya. Miaka inapita, gundi yake inalainika, inaingia ndani ya karatasi kama mafuta, inageuka rangi ya chai. Mwisho plastiki inaanguka yenyewe na doa linabaki. Doa hilo haliondoki kwa maji.

Na hapa tuko na mfano ambao kila mwanafunzi wa masomo ya Kiprotestanti angepaswa kuujua. Mwaka 1947 wachungaji Wabedui walikuta ndani ya pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, magombo ya zamani ya ngozi. Baadaye mapango mengine yalitoa vipande maelfu na maelfu. Kati yake kulikuwa na sehemu za vitabu karibu vyote vya Agano la Kale, isipokuwa Esta. Katika miaka ya 1950 wataalamu walikaa Yerusalemu, katika makumbusho ya Rockefeller, wakiunganisha vipande kama mtoto anavyounganisha kioo kilichovunjika. Wakaviunganisha na nini? Na skochi. Hawakuwa wajinga, walikuwa wasomi wakubwa, na wakati ule kitu hicho kilionekana kizuri. Gundi ikaingia ndani ya ngozi, kingo zikawa nyeusi, herufi nyingine zikaanza kupotea. Tangu mwaka 1991 idara ya mambo ya kale ya Israeli iko na chumba cha kazi ambamo mafundi wanaondoa skochi ile, kipande kwa kipande, na kazi hiyo imechukua miaka mingi kuliko ile ya kubandika. Ngozi zile zilivumilia pango karibu miaka 2000. Hazikuvumilia skochi.

Basi mwenye Biblia iliyochanika asikimbilie skochi.

Kole nyeupe, ile iliyotuaibisha, isilaumiwe bure. Jina lake ni polivinili asetati, na Mjerumani Fritz Klatte ndiye aliyeigundua mwaka 1912. Ikikauka inajikunja bila kuvunjika, kwa hiyo ni nzuri sana kwa mgongo wa kitabu, mahali panapofunguliwa na kufungwa kila siku. Jalada, kasha, mgongo: sawa. Picha: hapana. UHU, iliyotoka kwa August Fischer wa Bühl, Ujerumani, mwaka 1932, inashika haraka, lakini ile ya tyubu iko na dawa yenye harufu kali inayoweza kuyeyusha wino wa biki. Mkiitumia, fungueni madirisha. Kole ya fimbo, ile inayozungushwa kama rangi ya midomo, ilianza kuuzwa na Henkel mwaka 1969 kwa jina la Pritt. Ni safi kwa kazi za darasani, na watoto wa mwaka wa saba wanaipenda. Kwa albamu tumeona picha zake zikianza kuanguka kisha miaka mitatu, minne. Angalau zinaanguka nzima! Solisyo ya mafundi wa pneu, hiyo tunaikataza kabisa. Ni mpira ulioyeyushwa ndani ya dawa inayoshika moto upesi, inatia karatasi doa la njano, na kuivuta puani ni hatari.

Sasa turudi nyumbani. Mtoto wa Masisi na mtoto wa Walikale wanakaa benchi moja hapa, na kila mmoja amezaliwa karibu na kole. Wa Walikale iko na muhogo na utomvu wa msitu. Wa Masisi iko na maziwa.

Utomvu tuupite haraka. Ulimbo wa kunasia ndege haukauki, na kwa ndege hiyo ndiyo kazi yake. Kwa karatasi ni msiba. Utomvu wa mgomba unatia doa jeusi, muulize mama yeyote anayefua nguo.

Maziwa ni jambo la kushangaza zaidi. Fromaji ya Masisi mnaijua, imekwisha kufika hadi Kinshasa. Kile kinachofanya fromaji ndicho kinachofanya kole: kinaitwa kazeini. Mwalimu wa kemia alituonyesha. Maziwa yaliyotolewa mafuta yanapashwa moto kidogo, yanatiwa maji ya ndimu mpaka yagande. Yale magumu yanachujwa kwa kitambaa, yanaoshwa, kisha yanakorogwa na bikaboneti kidogo na maji mpaka yawe kama ute. Ubao mbili tulizounganisha nayo hatujaweza kuzitenganisha mpaka leo. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia ndege za mbao ziliunganishwa na kole ya namna hii. Ikitiwa chokaa badala ya bikaboneti, hata maji haiyaogopi sana. Kwa hiyo ni ya mbao na ya jalada gumu. Kwa picha ina kosa lilelile: haiachilii. Tena ikikaa siku mbili inanuka, perefe wetu ni shahidi.

Inabaki muhogo, na hapa tuende polepole.

Wengi wanachukua unga wa fufu, wanapika uji mzito, wanabandika. Inashika, lakini unga ule uko na nyuzi zake, na kwa sababu muhogo umelala ndani ya maji siku kadhaa, umekuwa na uchachu. Uchachu haupendani na karatasi. Kinachofaa ni wanga mtupu, ule ambao mama zetu wanauita amido na kuutumia kwa pasi. Unapatikana hivi. Chukua muhogo mbichi, umenye, uukune. Tia maji mengi, ukamue kwa kitambaa safi. Maji meupe yanayotoka yaache yatulie saa mbili, tatu. Wanga utashuka chini, mweupe kama chokaa. Mwaga maji ya juu, tia mengine, koroga, acha utulie tena. Fanya hivyo mara tatu, kisha anika. Msionje hata kidogo, hasa kama muhogo ni ule mchungu, kwa sababu maji ya kwanza yanabeba sumu yake. Na maji hayo yamwagwe mbali na mbuzi.

Kupika: kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko nane vya maji. Koroga kwanza katika maji ya baridi mpaka pasiwe na vidonge, ndipo uweke juu ya moto mdogo, bila kuacha kukoroga. Mtaona kitu kizuri. Maji yaliyokuwa meupe kama maziwa yanageuka ghafla kuwa mazito na ya kung'aa, karibu kama kioo. Ni vijipunje vya wanga vinakunywa maji, vinavimba na kupasuka, na jambo hilo linatokea kati ya digrii 60 na 70. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali la akili: juu ya vilima vyetu, kwenye mita 2000, maji yanachemka karibu digrii 93, si 100, je, kole itaiva? Itaiva. Haihitaji hata kuchemka.

Acha ipoe, ipitishe ndani ya kitambaa, pakaa kwa burashi nyembamba sana. Kosa la kila mmoja ni kupakaa nyingi. Kole hii haishiki mara moja, inakupa nafasi ya kusogeza karatasi ikae sawa. Weka gazeti juu, kisha ubao, kisha jiwe, mpaka kesho yake. Na siku ukitaka kuondoa, weka juu kitambaa chenye unyevu, ngoja, ngoja tena, nayo inalainika na kuachilia. Wanaotengeneza vitabu vya kale katika maktaba kubwa za dunia wanatumia kole ya namna hii, wanga wa ngano, kwa sababu hiyohiyo. Kwetu ngano ni ya kununua. Muhogo unalala nyuma ya nyumba.

Sasa lile swali la nani ataila. Wanga ni chakula. Mende wanaupenda, mchwa wanaupenda, panya pia, na ukungu kuliko wote. Wazee wengine wanatia shabu ili kole isioze. Shabu ina asidi, na kisha miaka karatasi inakuwa njano na kukatika. Sisi tunapika kidogo, ya kazi ya siku moja au mbili. Ikinuka uchachu, tunaitupa bila huruma.

Lakini picha zenyewe? Hapa tulikosea mara ya pili, tuseme ukweli. Tulipopata kole nzuri ya muhogo, tukabandika nayo picha za studio. Zikaanguka. Picha za rangi za siku hizi ziko na plastiki nyembamba mbele na nyuma, maji hayaingii, kwa hiyo wanga hauna pa kushika. Na zile zinazotolewa na mashine ya wino wa maji, kole ikizigusa, uso wa mtu unatiririka. Mjaribu kwanza na picha iliyoharibika: lowesha kidole, gusa pembe.

Dawa yake ni kutotia kole juu ya picha hata tone moja. Unatengeneza vifuko vya pembe. Kata ukanda wa karatasi ngumu, upana sentimeta moja na nusu, urefu tano. Kunja ncha zote mbili kuelekea chini zikutane katikati, utapata kama paa la nyumba lenye miguu miwili. Ingiza pembe ya picha ndani ya paa, na miguu ndiyo unayoibandika kwenye ukurasa kwa kole ya muhogo. Vifuko vinne, picha moja. Picha inakaa, haitikisiki, na mwenye picha akija inatoka kama mkono unavyotoka mfukoni. Dakika tano kwa picha moja. Tumehesabu.

Karatasi za kubandika zenyewe, kama maandiko, barua, programu za sikukuu, hizo zinapenda kole ya muhogo, ila zinajikunja. Sababu ni kwamba karatasi iko na mwelekeo, kama ubao. Kata kipande kidogo, lowesha upande mmoja tu: kitajiviringisha kama bomba, na bomba linalala sambamba na nyuzi. Bandikeni nyuzi za karatasi zikiwa zimesimama sambamba na mgongo wa albamu, la sivyo ukurasa utakuwa kama wimbi. Ukurasa ukikataa bado, bandika karatasi nyingine nyuma yake ili zivutane. Gazeti lenyewe msibandike, linageuka kahawia upesi na kuchafua jirani yake. Bandikeni fotokopi.

Kuna wanaonunua zile albamu za kurasa zinazonata, zenye plastiki ya juu. Ni rahisi, tunajua. Gundi ya kurasa zile inakuwa njano na kukamata picha, na plastiki nyingine inatoa jasho lake. Mwenye nayo atoe picha sasa, zikiwa bado zinatoka. Zikikataa, apitishe uzi mwembamba wa kushonea chini ya picha, kama mtu anayekata sabuni.

Jambo moja kwa wafinalisti, hata kama si la albamu. Wengi wakipata diploma ya Serikali wanakimbia kuiplastifiye. Plastiki ile inabanwa kwa kole ya moto, haifunguki tena, na ukingo ukikatwa karibu sana, maji yanaingia na kukosa njia ya kutoka. Plastifieni fotokopi. Ya kweli ikae ndani ya farde, ikavu.

Kuhusu ukavu, Masisi na Walikale si sawa. Juu kuna baridi na ukungu wa asubuhi; chini msituni kuna joto na maji mwaka mzima, na huko kuvu inaota hata juu ya viatu. Msiweke albamu chini wala kugusisha ukuta. Mwezi wa sita na wa saba, jua likiwa zuri, ifungueni kivulini, ukurasa kwa ukurasa, mpate hewa. Wengine wanaitundika juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Wadudu wanakimbia kweli, lakini masizi yanabaki juu ya nyuso za watu. Na nyuma ya kila picha mwandike kwa kreyo laini: nani, wapi, mwaka gani. Biki inasukuma alama mpaka mbele.

Tumeanza kuitengeneza upya ile albamu ya 2018. Kwanza kila ukurasa tumeupiga picha kwa simu, na nakala ziko mahali pawili. Hatuvuti tena picha yoyote: tunaikata pamoja na karatasi yake ya nyuma, kisha tunaiweka katika vifuko. Zimekwisha kurasa 11, zinabaki 23. Tunakutana siku ya Alhamisi kisha masomo, ndani ya chumba cha kemia. Anayekuja alete makasi, na kama anaweza, mkono mmoja wa muhogo.

Lile bega na kile kidevu tumevikata vilevile pamoja na karatasi yake. Viko ndani ya bahasha, kabati la ofisi, rafu ya juu. Mama aliondoka mchana uleule kwa mguu, na hatukumwomba namba ya simu. Mwanafunzi au mwalimu anayejua mahali alipo aje atuambie, tutamtumia.